Somo la Buni Mbili

Wanangu, mkiniona sokoni Muleba natembea polepole na fimbo yangu, msidhani ni uzee peke yake. Magoti haya yalisimama mbele ya ubao miaka thelathini na kitu, juu ya sakafu ya saruji, nikiwaeleza watoto wa watu kwamba meza, ndizi na hata pua zao zimetengenezwa kwa atomu ambazo hawataziona kwa macho. Nimechoka, na sioni aibu kusema. Lakini mnanijia kila mara, ninyi mnaoanza ualimu na ninyi mlio bado kidato cha tatu, mnataka niwape siri ya kemia. Siri sina. Nina makosa, na moja kati yake nusura limuue mwanafunzi wangu. Hilo ndilo nitakalowasimulia, ila nitazunguka kidogo kabla ya kulifikia, kwa sababu hadi leo naona tabu kulitaja.

Aliyenifundisha kazi hakuwa profesa. Alikuwa fundi wa maabara wa ile shule ya wasichana niliyopangiwa nikiwa bado binti mbichi, mzee mmoja tuliyemwita kwa heshima Ta Bitegeko, mwembamba, mwenye koti la kaki lililotobolewa na asidi kila mahali. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimeinamia chupa ya amonia, nataka kuinusa kama mtu anayeonja mchuzi. Akanivuta bega, akiniita waitu, yaani mtu wetu.

"Waitu Mwalimu, chuoni hawakukwambia kwamba pua ni moja tu?"

Akanionyesha namna ya kupunga harufu kwa kiganja, kidogo kidogo, huku uso ukiwa mbali. Akanionyesha pia kwamba asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, taratibu. Ukimimina maji kwenye asidi yanachemka papo hapo na kukurukia machoni. Nilikuwa na cheti na yeye hakuwa nacho, lakini kwa miaka yote tuliyokaa pamoja sikuwahi kumkuta amekosea mahali ambapo mtu angeumia.

Muhula wa kwanza haujaisha, vita vya mpakani vikaja. Usiku na mchana tulisikia mizinga kutoka upande wa mto, madirisha yanatetemeka, wasichana wakarudishwa makwao. Shule ikakaliwa na watu wa kila aina, wakimbizi na wapita njia. Tuliporudi, rafu za maabara zilikuwa zimekwisha kuwa kuni. Chupa zilizobaki zilikuwa sakafuni, nyingi bila lebo, unga mweupe ndani yake, na unga mweupe mmoja unaweza kuwa chumvi ya mezani na mwingine sumu. Mimi nilikaa chini nikalia. Ta Bitegeko akaenda kutafuta taa ya spiriti.

Akachovya waya kwenye unga, akauweka kwenye moto. Ukawaka manjano. "Hii ni sodiamu." Mwingine ukatoa zambarau hafifu: potasiamu. Mwingine nyekundu kama tofali: kalisi. Wiki nzima tulifanya hivyo, chupa baada ya chupa, na kila tuliyoitambua nusu tukaitafutia majaribio mengine hadi tukaijua nzima. Nilikuwa nimefundishwa chuoni kwamba elektroni hukaa kwenye ngazi zake kuzunguka kiini, ikipata joto hupanda, na ikishuka hutoa mwanga wa rangi yake. Niliandika hayo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Lakini niliyaamini kwa mara ya kwanza pale, nimechuchumaa kwenye vigae vilivyovunjika, nikiangalia moto wa yule mzee ukibadilika rangi.

Baada ya vita hapakuwa na kitu. Sabuni hapakuwa, spiriti hapakuwa, chaki tulikata vipande vitatu. Mkitaka kujua kemia ya kaboni niliifundishaje, niliifundisha kwa njaa ya vitu. Tulichoma maganda ya ndizi, tukachuja majivu yake kwa maji, tukachemsha maji yale na mafuta ya ng'ombe hadi tukapata sabuni laini, nyeusi, yenye harufu mbaya, na wasichana wakafulia sare zao. Kwa somo la alkoholi nililetewa dumu la rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, nikaitonesha kwa mtambo wa kioo ili tupate ya kuwashia taa. Siku hiyo mpishi, mlinzi na mwalimu wa jiografia wote walipata hamu kubwa ya kujua kemia. Ta Bitegeko alipoona macho yao akatia matone ya mafuta ya taa ndani ya chupa. Mlinzi alinikasirikia mwezi mzima.

Atomu za mifano tulitengeneza kwa viazi vitamu na vijiti. Kaboni lazima iwe na vijiti vinne, haidrojeni kimoja, oksijeni viwili. Kidato cha tatu wakaunda methani kumi na mbili mezani, nikatoka kuitwa ofisini, niliporudi methani zote zilikuwa zimechomwa na kuliwa. Niliwaadhibu kwa kucheka, maana hata mimi nilikuwa na njaa.

Sasa nifike kwenye lile somo.

Kifungo cha ayoni hakikunisumbua kamwe. Sodiamu ina elektroni moja inayoizidi, klorini imepungukiwa moja. Ya kwanza inatoa, ya pili inapokea, zinanasana, mnapata chumvi. Mtoto yeyote anaelewa kutoa na kupokea. Shida ilikuwa kovalenti, pale ambapo hakuna anayetoa moja kwa moja. Kila atomu inaleta elektroni yake, zile mbili zinakaa katikati, na kila upande unazihesabu zote mbili kuwa zake. Watoto walikodoa macho. "Sasa ni ya nani, Mwalimu?"

Ni Ta Bitegeko aliyenipa mfano. Alichuma tunda bivu la kahawa nyuma ya maabara, akalipasua mbele yangu. Ndani ya ganda moja mna buni mbili, zimelaliana tumbo kwa tumbo. "Hii ndiyo omukago," akasema.

Ninyi mliozaliwa juzi huenda mmeisikia tu. Omukago ni udugu wa kuchanjana wa wazee wetu. Watu wawili wasio ndugu walijichanja karibu na kitovu, kila mmoja akaipaka buni yake damu, kisha wakabadilishana, huyu akameza ya yule. Tangu siku hiyo shida ya mmoja ni ya wote wawili. Ukifa, mwenzio atalea watoto wako, na hana njia ya kukataa. Baba yake Ta Bitegeko alikuwa na ndugu wa namna hiyo kule Karagwe, na Ta Bitegeko alipofiwa na wazazi wake ni mtu huyo aliyemlea.

Nikaupenda mfano ule. Kila mwaka nilichuma tunda, nikalipasua, nikasimulia, nikashusha sauti mahali pa damu, na wasichana wakapiga kelele za kuogopa kwa raha. Kisha nilimaliza kwa maneno haya, ambayo nayaandika hapa ili mnione nilivyokuwa: "Hiki ndicho kifungo kisichofunguka." Ilikuwa inapendeza. Haikuwa kweli. Kila kifungo cha kemia huvunjika ukikipa nishati ya kutosha, na nililijua hilo vizuri, lakini kengele ilikuwa karibu kulia na darasa lilikuwa mkononi mwangu.

Halafu ukaja ule ugonjwa. Mwanzoni tuliuita Juliana, jina la vitambaa vya magendo, tukidhani ni mambo ya wafanyabiashara wa mpakani. Baadaye hatukuuita jina lolote, tulisema tu fulani anaumwa. Kwenye chumba cha walimu viti vilibaki vitupu na hakuna aliyependa kuvikalia. Majaribio ya Ijumaa tuliyahamisha, maana Ijumaa tulikuwa msibani. Nilimzika dada yangu kule Buhembe, siku nne tu baadaye nikasimama tena mbele ya kidato cha tatu, na kwenye ratiba iliandikwa: vifungo vya kemia.

Sikuwa nimeandaa chochote. Nilitoka nje nikachuma tunda la kahawa.

Ukutani nyuma yangu palikuwa na karatasi niliyoiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: chemsheni wembe na vifaa vyote dakika ishirini, damu huambukiza. Nilisimama chini ya karatasi hiyo nikasimulia omukago kwa sauti ileile, hadi neno la mwisho. Sikuona kitu. Ningependa kuwaambia kwamba nilisita kidogo, lakini sikusita. Mtu aliyechoka huchukua kilicho karibu, na mimi nilikuwa nimechoka hadi kwenye mifupa.

Jumatatu iliyofuata nikarudia somo. Nikauliza nani anaweza kunipa mfano wa kovalenti, nikitarajia maji au klorini. Akasimama Devota, binti wa wakulima wa hapa Muleba, msichana wangu wa kwanza darasani, mwenye mdomo usiofungwa.

"Mimi na Kemi, Mwalimu."

Darasa likacheka. Kemilembe, aliyekaa pembeni yake, akainamisha kichwa akitabasamu.

"Mmefanya nini?" nikauliza.

"Tumefanya omukago, Jumamosi, bwenini. Buni zilikuwa mbili kweli, kama ulivyosema."

"Na damu?"

"Na damu, Mwalimu. Kwa wembe." Aliona uso wangu umebadilika, akaharakisha kunituliza. "Lakini tuliuchemsha! Dakika ishirini, kama ulivyoandika hapo."

Akanyoosha kidole kwenye karatasi yangu. Walikuwa wametii kila neno. Waliuchemsha wembe, kisha wakamezeshana damu. Hakuna watoto wengine duniani ambao wangekosea namna hiyo, isipokuwa wangu, waliokuwa wamefundishwa mambo yote mawili na mwalimu mmoja katika chumba kimoja.

Nikawaambia wasome kitabu, nikaingia kwenye stoo ya kemikali. Ta Bitegeko alikuwa anaosha mirija. Nilipomweleza, aliacha maji yakimwagika.

"Mawe, mama yangu! Omukago ya wasichana? Nani aliwahi kuiona?"

"Ta, si suala la wasichana."

"Najua," akasema, akakaa juu ya kreti. "Najua, waitu. Nami ndiye niliyekupa mfano."

Jioni nilimwita Kemilembe peke yake. Alikuwa wa Izimbya, mtoto wa kwanza, baba na mama wamekufa, wadogo watatu wako kwa bibi, na wa mwisho alikuwa hajaanza kutembea. Nikamuuliza kama amewahi kuugua sana. Akaniambia alipokuwa darasa la tano alipungukiwa damu kwa malaria, akaongezewa ya mtu mwingine. Ilikuwa kabla damu haijaanza kupimwa. Siku hizi homa zilikuwa zinamrudia, na ngozi inamwasha.

"Kwa nini mlifanya vile, mwanangu?"

"Bibi amechoka, Mwalimu. Nilitaka kupata mtu ambaye hawezi kukataa."

Sikumwambia mkuu wa shule. Niliogopa wangefukuzwa, na ninakiri niliogopa pia kwa ajili yangu. Niliwachukua wote wawili kwa basi hadi Bukoba, nikidanganya kwamba tunakwenda kuazima vifaa vya maabara. Muuguzi aliyewatoa damu aliniuliza mimi ni nani kwao, nikasema, mwalimu wao tu. Akanieleza bila ukali kwamba hawezi kuniahidi chochote: kumeza si njia rahisi, lakini walikuwa na vidonda vibichi na vidole vyenye damu. Devota hata akionekana mzima leo, itabidi apimwe tena baada ya miezi mitatu, ndipo tutajua.

Miezi mitatu. Nilikuwa nafundisha kwa kuandika maelezo ubaoni, wao wananakili, mimi naangalia kisogo cha Devota. Kila alipokohoa nilipoteza mstari. Nyumbani nilikuwa napika chakula kikaungua nikiwa nimesimama palepale. Nilifanya hesabu za kijinga, kiasi gani cha damu kinaweza kushika kwenye buni moja, kana kwamba ni swali la mtihani na nikilipatia nitapewa mtoto wangu. Devota mwenyewe alikuwa anacheka bwenini. Alikuwa ananiambia, "Mwalimu, kula, utakwisha."

Majibu ya kwanza yalisema Devota mzima, Kemilembe anao. Alipoambiwa, Kemilembe aliuliza swali moja tu, la Devota. Miezi mitatu ikapita, tukarudi Bukoba, na Devota akawa mzima tena. Nilitoka nje ya jengo lile nikakaa kwenye ngazi, nikamshukuru Mungu kwa sauti, watu wananiangalia. Kwangu mimi hatari ilikuwa imekwisha. Nililala usingizi wa mchana kwa mara ya kwanza mwaka ule.

Dawa mnazozijua ninyi zilikuwa bado. Kemilembe aliugua hadi kidato cha nne, akarudishwa Izimbya, na akafa wiki chache kabla ya mtihani wa mwisho. Tulimzika ndani ya kibanja, shamba lao la nyumbani, kati ya migomba, karibu na mama yake. Wanafunzi wenzake walirudi shule kwa lori jioni ileile. Devota hakupanda lori.

Nikangoja siku tano, kisha nikamfuata. Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya ndizi, mtoto mdogo mgongoni, wengine wawili wakimsogezea maji. Bibi yao alikuwa amekaa mlangoni, haoni vizuri tena.

"Mtihani ni wiki ijayo," nikamwambia.

"Najua, Mwalimu."

"Wewe ni wa kwanza darasani. Utakwenda hadi chuo kikuu, Devota. Baba yako amekuja kwangu analia."

"Kwangu pia alikuja."

Nikachuchumaa karibu yake ili watoto wasisikie. "Damu yako ni nzima. Umepimwa mara mbili. Kile kitu hakikukushika, hakuna kinachokufunga hapa."

Aliacha kisu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Lakini Mwalimu, wewe ndiye uliyesema hakifunguki."

Nilijaribu. Nikamwambia nilitia chumvi, kwamba ilikuwa maneno ya darasani, kwamba hata haidrojeni mbili ukizipa joto la kutosha zinaachana. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kama alivyonisikiliza siku zote, kisha akachukua ndizi nyingine. Miezi yote ile niliogopa damu, na wala haikuwa damu. Niliondoka Izimbya nikiwa nimempoteza mwanafunzi bora niliyewahi kumfundisha, akiwa hai na mwenye afya, kwa sababu ya sentensi moja niliyoiweka mwishoni mwa somo ili ipendeze.

Tangu hapo sikutumia tena kahawa. Nilifundisha kovalenti kwa nukta na misalaba ubaoni, kavu kabisa, na wakaguzi wakaandika kwamba masomo yangu hayana mvuto. Kwa hiyo, ninyi mnaoanza kazi hii, tumieni mifano, mimi siwakatazi. Ila upimeni kila mwaka mfano wenu kama mnavyoipima asidi iliyokaa kwenye rafu, maana dunia ya nje inabadilika nanyi hamna habari. Na mkiona mmebakiwa na sentensi moja tamu kuliko ukweli, imezeni ninyi wenyewe.

Nilistaafu. Kwa miaka mingi nilikuwa napita njia ya mbali ili nisifike Izimbya. Nilipoambiwa na daktari kwamba moyo wangu hauko sawa, nikaona afadhali niende kuliko kufa nikiwa mwoga. Devota alikuwa ameshakuwa mwanamke mnene, mwenye mvi mbili tatu, na kibanja kilikuwa safi kuliko nilivyokiacha. Bibi alikuwa amezikwa zamani. Wawili kati ya watoto wameoa na kuolewa, mmoja fundi cherehani, mwingine anavua samaki visiwani.

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, lakini nilipofika nikasema tu, "Nilikuharibia maisha, mwanangu. Nimekuja kuomba radhi."

Alinisogezea kigoda, akakaa mkabala nami.

"Miaka ya kwanza nilikulaumu, Mwalimu, nisikudanganye. Nilikuwa nasikia wenzangu wamekwenda chuo, nalia humu migombani." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Lakini watoto walikuwa watatu na walikuwa na njaa. Hata ungetufundisha nini siku ile, wangekuwa hapahapa, na mimi ningekuwa namjua Kemi. Sasa ningekwenda wapi?"

Nikageuka kutazama kaburi la Kemilembe kati ya migomba.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikamwambia sijala. Akaita jina kuelekea jikoni, akatoka msichana mrefu aliyebeba jagi na beseni la kunawia. Alikuwa yule wa mgongoni. Alipiga magoti mbele yangu akanimiminia maji mikononi, na alipoinua uso, macho yalikuwa ya Kemilembe kabisa. Hakunijua mimi ni nani.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Maji yalikuwa yamekwisha kwenye jagi kabla sijaweza kumwitikia.